Bibi kazaliwa lini? Kila mtu ana mwaka wake

Shangazi shikamoo. Bibi yetu mzaa mama katutoka mwezi uliopita huko Nachingwea, hitima ya arobaini ni wiki ijayo na mimi ndo nimetwishwa kuandika wasifu. Sasa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo ni vita, kitambulisho kinasema 1940, mjomba anakomaa ni 1928, na bibi mwenyewe enzi za uhai ukimuuliza anakwambia tu "nilichezwa mwaka wanatandika reli ya karanga". Halafu mjomba huyohuyo hataki nimtaje mume wa kwanza wa bibi, ambaye ndo baba wa mama mkubwa. Nifanyeje?
Mjukuu, Mbagala

Marahaba mwanangu, poleni sana. Mbona bibi alishawajibu! Reli ya karanga ni ya Waingereza, walikuja na mpango wao wa mashamba makubwa ya karanga 1947, 1951 ukawa umeshakufa, ardhi ngumu, mvua hazieleweki, matrekta yanavunjikia kwenye visiki, hata reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60 ndo maana nyie vijana hamuijui. Mtoto wa kike kuchezwa unyago alikuwa na kama miaka 10 mpaka 14 hivi, piga hesabu, unaangukia katikati ya miaka ya 30. Kitambulisho kisikutishe, wazee wengi walikadiriwa tu pale dirishani. Wewe andika alizaliwa miaka ya 30 na akachezwa wakati wa reli ya karanga, kwa maneno yake hayohayo, yana sauti yake kuliko tarehe ya kubuni.

Kingine, fungueni sanduku lake la kanga. Mfungue na mama zako wadogo, wanaume waacheni nje kwanza, maana kila kanga ina aliyeileta na sababu yake. Ukikuta ya Urafiki ujue ni kuanzia 1968, ndo kiwanda kilipofunguliwa. Ya bibi yangu mimi moja ilikuwa imeungua pindo, tumeuliza weee, kumbe aliipulia sufuria la ubwabwa siku mama anaolewa, akaendelea kujifunga hivyohivyo miaka yote. Hicho ndo cha kuandika, sio "alikuwa mpole, mcheshi, mcha Mungu", hayo kila marehemu anasomewa.

Kuhusu mume wa kwanza, hapana, mtaje. Mama mkubwa atakuwa amekaa mkekani pale mbele anasikiliza maisha ya mama yake, afike kwenye kuzaliwa kwake akute baba karukwa? Sentensi moja tu inatosha, aliolewa na fulani wakajaliwa binti, wakaachana. Ila mjomba usimvizie, na kwenye grupu usimjibu kabisa. Mfuate na karatasi yako mkononi, msomee, mwache anune mbele yako kuliko anune mbele ya masheikhe.

Na usizidishe ukurasa mmoja, pilau inapoa.