Acha kuomba hela ya ziwa zima

Juzi msomaji mmoja wa Musoma kaniandikia: "Kaka, nina wazo la kuwaokoa korongo taji huku kwetu. Nitumie lile andiko lenu la kuomba ruzuku lililokubaliwa, nibadilishe jina la kiumbe tu." Nikacheka, halafu nikanyamaza. Miaka minne iliyopita ujumbe kama huo niliuandika mimi.

Ni kweli, wiki mbili zilizopita kikundi chetu cha uhifadhi kimepata ruzuku yake ya kwanza. Si hela ya kujengea ghorofa Capri Point, mtaa wa wenye nazo hapa Mwanza. Ni ya ndoo, mizani, mtumbwi mmoja na posho za vijana sita kwa mwaka, pale Mto Simiyu unapoingia ziwani. Lakini barua pepe ile niliisomea ndani ya daladala, nikashuka kituo kisicho changu.

Andiko la kwanza lilikuwa na kurasa 31. "Kuokoa Bayoanuwai ya Ziwa Victoria." Ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 68,000, nchi tatu, na ofisi yangu ni kona ya duka la shangazi la fotokopi, Mabatini. Niliomba dola 80,000 kwa watu wanaotoa ruzuku ndogondogo, na ukomo wao wameuandika wazi kwenye tovuti. Sikusoma. Nikajibiwa mistari miwili.

La pili nikachagua samaki mmoja: ningu. Yuko kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Nikaandika kwa uchungu jinsi sangara alivyommaliza. Mfadhili akauliza swali moja: mna ushahidi gani kwamba ni sangara?

Nilikasirika sana. Huku kwetu nani hajui kwamba ni sangara? Furu wameisha, sangara. Ngege haonekani, sangara. Nikaenda mwaloni na daftari kumtafuta mzee mmoja aliyevuka miaka themanini, nipate sentensi ya kumnyamazishia yule mzungu.

"Sangara?" mzee akasema. "Mjukuu wangu, sangara alipokuja, ningu tulikuwa tumeshammaliza sisi." Akachora mto kwenye tope kwa ncha ya fimbo, akapiga mstari wa kuukata mdomoni. Nyavu za kutega. Mvua zikianza, ningu hutoka ziwani akapanda mto kwenda kutaga kwenye maji yaliyofurika. "Anakuja na mayai tumboni, sisi tunamsubiri mlangoni. Baba yangu alikuwa anajaza mtumbwi kabla jua halijapanda." Alisema hivyo akitabasamu, kisha akaufuta ule mto kwa kandambili.

Andiko la tatu lilitoka kwenye lile tope. Sangara walipandwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Ningu alianza kupungua kabla ya hapo, tangu nyavu za kutega ziliposhika midomo ya mito. Kwa hiyo kazi yetu haikuwa kupigana na sangara. Ilikuwa kukubaliana na wavuvi waache mdomo wa mto wazi msimu wa ningu kupanda, na kuhesabu wanaopita. Kurasa tisa tu. Kurasa mbili kati ya hizo ni nakala za daftari la vijana, moja ina magamba ya dagaa yaliyogandia: tarehe, urefu wa samaki, jina la aliyempima. Bila daftari lile tusingepata kitu.

Katikati hapo kuna jambo bado linaniuma. Mtaalamu mmoja, taasisi yake siitaji, alijitolea kutusahihishia andiko la pili. Miezi michache baadaye akatua mwaloni na fulana mpya na mradi wa ningu, maneno yetu yakiwa ndani, hata kosa letu la sangara limo! Tangu siku hiyo andiko halitoki mkononi mwangu kabla ya kutumwa, na kila ukurasa una jina la kikundi na tarehe. Fanyeni hivyo.

Na sisi vijana wa Kanda ya Ziwa tupunguze kupenda warsha. Mtu ana vyeti saba vya uandishi wa maandiko, mtoni hajawahi kulowa magoti. Unamwombea hela samaki ambaye hujawahi kumshika? Chagua kiumbe mmoja, sehemu moja. Mmoja! Omba kiasi unachoweza kukitolea risiti.

Kwa hiyo, ndugu wa Musoma, andiko langu sikutumii, na si uchoyo. Korongo taji wako aliwekwa mwaka 2012 kwenye orodha ya IUCN ya walio hatarini kutoweka, na ipo mifuko inayofadhili spishi moja moja, kama ule wa Mohamed bin Zayed, ambao hauvuki dola 25,000. Mlango upo. Ndivyo nilivyomjibu, nikamwambia aende kwanza kwenye bonde wanakotaga korongo hao, ahesabu viota, aniambie nani anavisumbua.

Jana usiku kajibu. Viota vitatu. Kimoja kimekanyagwa na ng'ombe, na mwenye ng'ombe ni mjomba wake.