Mkomamanga wa Wonderful hautaki kushtuliwa kwa maji

Nilipohamia Fresno, katika bonde la kati la California, nilikuta uani mkomamanga mmoja wa aina ya Wonderful, na kwa kuwa nililelewa Tanga penye mti wa komamanga, nilijiona mjuzi tayari. Aina hii ilianzia Florida, ikaletwa California mwaka 1896, na sasa ndiyo iliyoenea zaidi katika mashamba ya huku. Tunda lake ni kubwa, ganda ni jekundu lililokolea, na punje zina maji mengi yenye utamu uliochanganyika na ukali. Mbegu zake ni ngumu kiasi, hivyo asiyependa kutema mbegu atafute aina nyingine.

Kosa langu lilikuwa la maji. Kwa kuwa mti huu unastahimili ukame, mwaka wa kwanza sikuumwagilia Julai wala Agosti. Kisha Septemba, nilipoona majani yamenyong'onyea, nikauachia mpira wa maji usiku kucha. Siku chache baadaye matunda mengi yalikuwa yamepasuka kutoka kwenye taji hadi karibu na kikonyo, na sisimizi wamejipanga ndani ya nyufa. Ganda lililokomaa katika kiu halitanuki tena, ilhali punje zikipata maji ghafla huvimba na kulipasua. Tangu hapo namwagilia kwa matone mara mbili kwa wiki majira yote ya joto, na chini ya mti nimetandaza matandazo manene. Mvua ya Oktoba siwezi kuizuia, lakini ikitabiriwa nawahi kuvuna yaliyoiva.

Usivune mapema kwa kudanganywa na rangi, maana komamanga likishachumwa haliendelei kuiva; subiri mpaka tunda lipoteze uviringo wake na kuanza kuwa na pembepembe. Kata kikonyo kwa mkasi, kwani ukivuta utachana ganda.

Katika kupogoa, ondoa maotea ya shinani bila huruma, lakini matawi yenyewe uyaguse kidogo tu, kwa sababu matunda hutoka kwenye vitawi vifupi vya matawi ya miaka miwili au mitatu.

Mti wa mbegu haufanani na mama yake. Kwa hiyo mwezi Februari, kabla macho hayajachipua, nilikata vipandikizi vitatu vyenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 25, nikavizika vikabaki macho mawili juu ya udongo. Vyote vilishika, kimoja kilizaa mwaka wa tatu, makomamanga manne, na hakuna lililopasuka.