Maswali ya Wasomaji: Diski ya SSD Iliyoanza kwa Kasi na Sasa Inajikokota

SWALI: Ninaendesha duka la steshenari hapa Mafinga, na zaidi ya kutoa kopi na kuchapa barua za watu, ninahariri video za harusi. Mwaka jana nilinunua Mwanjelwa, Mbeya, diski ya SSD ya gigabaiti 480, nikaifunga kwenye kompyuta mpakato ya zamani inayotumia Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux. Mfumo wenyewe unakaa kwenye sehemu ndogo ya diski. Kazi za wateja ziko kwenye sehemu ya pili, tuliyoiita /kazi, ambayo kijana aliyenisaidia aliisimba kwa mkono ili mashine ikiibwa, picha za watu zisisambae. Miezi ya mwanzo nilifurahi sana. Siku hizi nikinakili video ya gigabaiti 20, kasi huwa nzuri kwa muda mfupi, kisha hushuka hadi megabaiti 25 kwa sekunde na kompyuta nzima huganda. Kazi za zamani ninazifuta, lakini zinaingia mpya, na sehemu ya /kazi haishuki chini ya asilimia 94. Nimeona pia kwamba dmesg, amri ya kuonyesha kumbukumbu za mfumo, inaandika "SATA link up 3.0 Gbps". Fundi wa hapa anasema diski imekufa. Je, nipande basi kwenda Mbeya kununua nyingine?

JIBU: Dada yangu wa Mafinga, nauli hiyo iweke kwanza. Kwa dalili ulizozieleza, diski yako ina uwezekano mkubwa wa kuwa nzima, isipokuwa haijaambiwa jambo moja ambalo ilipaswa kuambiwa kila wiki.

Nianze na ule mstari wa dmesg, kwa kuwa ndio unaowatisha wengi. Kompyuta yako ina tundu la SATA, njia inayounganisha diski na ubao mama, la kizazi cha pili, lenye ukomo wa gigabiti 3 kwa sekunde, ambazo kwa matumizi halisi ni kama megabaiti 280. Diski ingeweza kukimbia karibu mara mbili ya hapo kwenye mashine mpya, lakini hata huo ukomo ni zaidi ya mara kumi ya megabaiti 25 unazozipata, kwa hiyo si wenye hatia. Ungenieleza kwamba zamani mstari huo ulisoma 6.0 na sasa unasoma 3.0 au 1.5, huku kukiwa na makosa yanayojirudia juu yake, ningekutuma ukague waya. Mimi mwenyewe niliwahi kutupa pesa hapa Iringa kwa kununua diski mpya ya kompyuta ya mezani, na ile mpya nayo ikawa nzito vilevile, mpaka nilipobadilisha waya wa SATA wa bei ndogo kabisa. Ningesoma kipengele namba 199 katika majibu ya smartctl, amri ya kusoma afya ya diski, kinachohesabu makosa ya njiani kati ya diski na ubao mama, nisingeaibika.

Dalili yenye maana zaidi ni hiyo ya kuanza vizuri na kushuka ghafla. Diski nyingi za bei ya kawaida hutenga sehemu ya seli zake ziandikwe kwa njia ya haraka, biti moja kwa kila seli, kisha diski ikipata nafasi huzihamishia data hizo kwenye hifadhi ya kudumu, ambako kila seli hubeba biti tatu au nne na uandishi wake ni wa taratibu. Sehemu hiyo ya haraka ikijaa katikati ya kazi, kasi huporomoka. Kwa diski yenye nafasi ya kutosha, faili la gigabaiti 20 lisingekuwa mzigo wa kutisha. Kwa diski iliyojaa, au inayodhani kuwa imejaa, sehemu ya haraka hubaki finyu mno.

Hapo kwenye "inayodhani" ndipo penye jibu lako. Fikiria ghala la viazi pale Uyole lenye vyumba vingi na sharti moja la ajabu: gunia jipya haliwekwi mahali palipowahi kukaa gunia jingine mpaka chumba kizima kifagiliwe. Vyumba vyote vikishatumika, mtunza ghala akipokea mzigo mpya hulazimika kwanza kuyahamisha magunia ya chumba kimoja, akifagie, ndipo apokee. SSD ina sharti hilohilo: huandika kwa kurasa ndogondogo, lakini hufuta kwa kitalu kizima chenye kurasa nyingi. Wewe unapofuta video, mfumo wa faili huandika tu kwenye daftari lake kwamba mahali pale sasa ni wazi, na diski haina habari. Huendelea kuhamisha viazi vilivyooza kwa uangalifu uleule inaohamishia vizima, ikijichosha na kujichakaza bure.

Amri ya kumpa mtunza ghala taarifa inaitwa TRIM, na kiini cha Linux kinaifahamu tangu toleo la 2.6.33 la mwaka 2010. Pengine kijana wako alikuhakikishia kwamba fstrim.timer, ratiba ya mfumo wenyewe, inaiendesha kila wiki, naye hakukosea. Tatizo ni kwamba sehemu iliyosimbwa haipitishi TRIM isipokuwa imeruhusiwa waziwazi, na kazi ile ya kila wiki ikikutana na sehemu isiyopitisha, huiruka kimya kimya bila kulalamika. Sioni kama ni busara kwa chombo cha matengenezo kunyamaza hivyo, lakini ndivyo kilivyo.

Hakikisha mwenyewe kwa kuandika lsblk --discard. Tazama safu za DISC-GRAN na DISC-MAX. Ikiwa mstari wa diski yenyewe una namba halisi lakini mstari wa sehemu iliyosimbwa una sifuri, umempata mhalifu. Nakili kwanza kazi za wateja kwenye diski nyingine ya nje, kwa sababu utagusa faili ambalo ukilikosea, sehemu ya /kazi inaweza isifunguke utakapowasha mashine. Kisha fungua /etc/crypttab ukiwa na mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, tafuta mstari wa sehemu hiyo, na mwishoni mwake, baada ya neno luks, ongeza mkato na neno discard pasipo kuacha nafasi. Washa kompyuta upya, rudia lsblk --discard uone kama sifuri zimeondoka, ndipo uandike fstrim -v /kazi. Itakujibu ni kiasi gani cha nafasi kimetangazwa kuwa wazi. Baada ya hapo iache mashine ikiwa imewashwa bila kazi kwa saa moja au mbili, ili diski ifagie vyumba vyake.

Lipo jambo la kupima kabla ya kuongeza neno hilo. Waundaji wa mfumo huu wa usimbaji waliacha TRIM ikiwa imezimwa kwa makusudi, kwa kuwa ikiwashwa, mtu aliyeikamata diski anaweza kujua ni maeneo gani yana data na ni yapi matupu, ingawa hawezi kusoma kilichomo. Kwa mwizi wa kompyuta mpakato pale stendi, habari hiyo haina faida yoyote, na kwa picha za harusi mimi ningeiwasha bila wasiwasi.

TRIM peke yake, hata hivyo, haitaiponya sehemu iliyojaa asilimia 94, kwa sababu mtunza ghala anahitaji vyumba vitupu vya kuchezea. Hamishia kazi zilizokwisha kulipwa kwenye diski ya kawaida ya kuzunguka, ambayo kwa kuhifadhi tu inatosha na gharama yake kwa kila gigabaiti ni nafuu, na uiache SSD iwe na asilimia 15 hadi 20 iliyo wazi daima. Joto, ambalo kwa msomaji wa Dar es Salaam ningelitaja mapema, kwa Mafinga ya mwezi Julai silisumbukii.

Ukimaliza, pima tena kwa video ileile, saa ikiwa mkononi. Ikiwa bado ni megabaiti 25, endesha iostat -x 1 wakati wa kunakili, utazame kama safu ya %util, inayoonyesha asilimia ya muda ambao diski iko kazini, inagota karibu na 100 ilhali megabaiti ni chache. Ikiwa hivyo, soma smartctl -a /dev/sda, na ukikuta kipengele namba 5, cha maeneo yaliyobadilishwa kwa ubovu, kinapanda kila wiki, fundi wako atakuwa amesema kweli, na basi la Mbeya litakuwa halali yako.

SWALI: Mimi ni mwalimu, Tukuyu. SSD yangu imo ndani ya kasha la USB na haivuki megabaiti 38 kwa sekunde kwenye Linux, ingawa ni mpya na karibu tupu. Kasoro ni nini?

JIBU: Mwalimu, namba hiyo inajieleza: ndiyo kasi halisi ya USB 2.0, ambayo kwenye karatasi ni megabiti 480. Andika lsusb -t. Mstari wa kasha lako ukiishia na 480M, lihamishie kwenye tundu jingine, hasa lenye plastiki ya buluu ndani, na ujaribu pia waya mwingine, kwani waya wa USB 2.0 huishusha hata diski nzuri. Mstari ukigeuka na kusoma 5000M, shida imekwisha.