Mashine ya kukausha hewa itakula umeme kiasi gani?

SWALI: Jambo fundi. Tunakaa Bukavu, upande wa Ibanda. Nyumba yetu imechimbiwa mlimani, na ukuta wa nyuma wa chumba cha kulala umeota kuvu jeusi tangu mvua za mwezi wa tisa. Nguo za kabatini zinanuka. Jirani anayehama anatuuzia mashine yake ya kukausha hewa. Imeandikwa wati 400, lita 20 kwa siku. Mume wangu anasema itakula umeme kupita friji. Nimeona pia zile ndogo za wati 40. Nichukue ipi, na kwa mwezi itanila kiasi gani? – Mama wa Ibanda

JIBU: Jambo Mama. Nianze kwa kumpa baba haki yake: amesema kweli. Friji nzuri ya familia hutumia karibu kilowati-saa 1 kwa siku. Mashine ya wati 400 ikifanya kazi saa 12 mfululizo inatumia 4.8, na kwa mwezi ni 144. Ikizunguka usiku na mchana bila kupumzika ni 288. Chukua karatasi unayopewa ukinunua umeme, gawanya faranga ulizolipa kwa kilowati-saa ulizopata, kisha zidisha. Wanaolipa kiasi kilekile kila mwezi bila konteri wataona hesabu hii haiwahusu, lakini waya za nyumba hazijui mkataba wenu, na mashine hii isiunganishwe kwenye kamba moja na pasi na jiko.

Hiyo ni hesabu ya mashine isiyosimama. Mashine za kompresa kama hii, yaani zenye pampu ya gesi kama ya friji, huwa na kipima unyevu ndani: hewa ikifika kiwango ulichoweka, kompresa inazima, inabaki feni peke yake au hata hiyo inalala. Kwa hiyo swali linalogusa mfuko wako ni hili: maji yanaingia chumbani kwa kasi gani? Wati za kwenye kibandiko hazikuambii hilo.

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 3, dari mita 2.7. Hewa yake ni mita za ujazo 32 hivi. Ikiwa na digrii 20 na unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida kwetu wakati wa mvua, na wewe unataka ishuke hadi asilimia 55, maji ya kuondoa hewani ni gramu 140 tu. Hayajazi hata glasi. Watu wengi hushangaa hapo, maana ndoo ya mashine hujaa kila siku. Yanayoijaza yanatoka kwingine: watu wawili waliolala wanatoa karibu nusu lita kwa usiku kwa pumzi na jasho, nguo zilizofuliwa zikianikwa ndani zinatoa lita 2 au zaidi, godoro na ukuta vinaachia vilichokunywa miezi mizima. Na dirisha! Hewa ya chumba hicho ikibadilishwa mara moja tu kwa saa na hewa ya nje yenye unyevu uleule wa asilimia 80, ni lita 3 na zaidi kwa siku zinazorudi ndani. Mashine ikiwaka, dirisha na mlango vifungwe. Nimeona nyumba ambamo mashine inavuma huku pazia linapepea. Hapo unakausha mvuke wa Ziwa Kivu, na ziwa halitakwisha.

Sasa zile lita 20. Wengi wa watengenezaji hupima kwa hewa ya digrii 30 na unyevu wa asilimia 80. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na chumba chako usiku hakifiki hata 22. Hewa ya baridi hubeba mvuke kidogo, kwa hiyo mashine hiyohiyo kwetu hutoa nusu ya kilichoandikwa, au chini ya nusu, huku umeme ukipungua kidogo tu. Mimi hutumia kanuni ya fundi: kwa hali ya hewa ya hapa, mashine nzima ya kompresa inatoa karibu lita 1 kwa kila kilowati-saa. Ukishapita wiki mbili za mwanzo, ukuta na vitu vikiwa vimekauka, na chumba kikifungwa vizuri, tegemea lita 2 hadi 3 kwa siku, yaani kilowati-saa 60 hadi 90 kwa mwezi. Bado ni friji mbili au tatu. Usiweke chini ya asilimia 55. Ukitaka 40 unalipa sana kwa kitu ambacho nguo hazikihitaji. Kuvu hupenda zaidi ya 70, na ukuta wa baridi huwa na unyevu mwingi kuliko katikati ya chumba, ndiyo sababu ya kuacha nafasi kidogo.

Zile za wati 40 hazina kompresa. Ndani kuna kibamba cha umeme kinachopoa upande mmoja na kupata moto upande mwingine. Zinaonekana za huruma, lakini kwa siku nzima zinatumia karibu kilowati-saa 1 na kutoa theluthi ya lita, tena kwa hewa ya joto kuliko yetu. Kila lita inakula kilowati-saa 3 au zaidi, mara tatu ya ile kubwa. Kwa kabati lililofungwa zinafaa. Kwa chumba chenye ukuta ulioloa, ni sawa na kukausha uwanja kwa kitambaa cha vyombo.

Ila kabla ya kumlipa jirani, Mama, tazama huo ukuta. Nyumba iliyochimbiwa mlimani, udongo ukiwa umeegemea matofali, hunyonya maji ya mlima mvua ikinyesha. Kata nailoni ya upana wa mkono kila upande, ibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ngoja siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa ndani unaokutana na ukuta wa baridi. Kama ni la kwanza, pesa ya kwanza iende kwa mwashi: aondoe udongo ulioegemea, achimbe mtaro wa kupitisha maji nyuma ya nyumba, atengeneze mfereji wa paa usimwage hapo. Tahadhari, mlima wetu huteleza. Asichimbe mtaro mrefu kwa mara moja wakati wa mvua. Bila kazi hiyo mashine itavuta maji ya mlima miaka yote, na kila lita unailipia.

Kama ni la pili, sogeza kabati mbali na ukuta kiasi cha kiganja, usianike nguo chumbani, na mashine itakusaidia kweli. Joto inalotoa halipotei pia: umeme wote unaotumia unabaki chumbani kama joto, pamoja na joto la mvuke uliogeuka maji. Usiku wa Bukavu hilo halichukizi. Lakini usijaribu kupata joto hilo kwa mbabula. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanaua watu wakiwa usingizini, bila moshi wala harufu.

Kuhusu umeme kukatika. Kompresa ikizimwa inahitaji kama dakika 3 kabla ya kuwaka tena, na umeme unaorudi na kukatika mara tatu kwa dakika moja unaichosha haraka. Weka kifaa cha kuchelewesha, kilekile mnachouziwa kwa friji. Mashine nyingi za vibonyezo pia hazijiwashi umeme ukirudi. Unaamka asubuhi ndoo ni kavu. Betri? Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 200, ukitumia nusu yake ili isife, ina kilowati-saa 1.2: saa 3 za mashine hii, bila taa. Jenereta ndogo ni mbaya zaidi, kila lita ya maji utaivuta kwa nusu lita ya esansi au zaidi.

Ukimwendea jirani, soma kwanza kibandiko: volti 220 na hezi 50. Kikisema 115 na 60, imetoka Marekani, iache. Kisha iwashwe nusu saa chumbani kwake. Mwombe fundi wa friji afungue chujio na kutazama mabomba ya ndani: yanatakiwa kuloa sawasawa yote. Barafu ikishika kona moja tu huku sehemu nyingine ni kavu, mara nyingi gesi imepungua. Mashine ya hivyo inatumia umeme uleule na kutoa nusu ya maji.