Usukani unagonga, nikiukaza unakuwa mgumu

SWALI: Habari ya kazi, fundi. Mimi ni mwalimu huku Koboko, Uganda. Naendesha baiskeli nyeusi ya breki za vyuma, zile za kubebea mizigo. Nikishika breki ya mbele nasikia kitu kinagonga chini ya usukani. Fundi wa sokoni ameshaukaza mara kadhaa, lakini siku chache tu unalegea tena. Nikajaribu mwenyewe nyumbani: nikikaza, usukani unakuwa mgumu hata nayumba barabarani, nikilegeza, unagonga. Kijana wangu ana baiskeli ya gia ya mtumba, na yake imeanza hivyo hivyo. Ningependa kujifanyia mwenyewe ila naogopa kuharibu. Nitajuaje kwamba nimefika mahali pake?

JIBU: Njema, Mwalimu, na pole kwa usumbufu. Hilo lililokupata la kukaza mno kisha kulegeza mno halitokani na mikono yako. Kifaa chenyewe ndivyo kilivyo, na ukishakielewa, woga unapungua sana.

Ndani ya shingo ya fremu mna safu mbili za gololi, moja juu na moja chini, kila safu imekaa kwenye kikombe chake. Bomba la uma, yaani ile sehemu ya miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, linapita katikati. Juu kabisa kuna vitu viwili vyenye nyuzi: kikombe cha juu, ambacho ndicho kinachobana gololi, na nati ya juu, ambayo kazi yake ni kukikandamiza kikombe kile kisizunguke. Kati yao huwa kuna washa, yaani pete bapa ya chuma. Kwenye baiskeli kama yako mara nyingi hapo pia pana bati la kushikia taa, na hilo bati linafanya kazi ya washa.

Sasa, nati ya juu ikikazwa inakisukuma kikombe chini kidogo, kwa sababu nyuzi hazikosi nafasi ndogo kati yake. Ndiyo maana mtu anarekebisha kikombe vizuri kabisa, usukani unazunguka laini, anafunga nati, na mara usukani umekuwa mgumu. Anadhani amekosea. Hajakosea, nati ndiyo imemaliza kukaza. Kwa hiyo kabla ya kufunga nati, kikombe kiachwe kikiwa bado kinacheza kidogo sana, halafu nati ikimalize hicho kidogo. Kiasi gani cha kuacha? Hakuna anayekijua bila kujaribu, hata fundi wa miaka mingi. Anafunga, anapima, anafungua, anarekebisha, anafunga tena. Mara tatu au nne ni kawaida, wala usihesabu kuwa ni kushindwa.

Kwa nini usukani uliokazwa na fundi wa sokoni unalegea baada ya siku chache? Mara nyingi ni kwa sababu imekazwa nati ya juu peke yake bila kukishika kikombe kwa spana ya pili. Kikombe kinageuka pamoja na nati, unapata usukani uliobana bila kufungwa. Ukishapita kwenye mawe ya barabara ya vumbi mara chache, vyote viwili vinarudi nyuma pamoja. Sababu ya pili ni tindo na nyundo. Nati inayogongwa kwa tindo inaharibika kona, na haiwezekani kuhisi kwa mkono imekaza kiasi gani. Mtu akitaka kukukazia baiskeli yako kwa tindo, mkatalie kwa heshima.

Kwanza hakikisha ugonjwa uko pale unapodhani. Breki za vyuma zenyewe zinacheza, kwa hiyo kushika breki na kusukuma mbele na nyuma kunaweza kukudanganya. Fanya hivi: inua gurudumu la mbele, au mwombe mtu akushikie fremu, shika uma kwa chini kwa mkono mmoja, uuvute na kuusukuma kuelekea mbele na nyuma. Weka kidole cha mkono mwingine pale uma unapokutana na kikombe cha chini. Kama panacheza, kidole kitahisi hata pale ambapo sikio halisikii. Kisha shika tairi lenyewe ulitikise kushoto na kulia ndani ya uma. Likicheza hapo, tatizo ni gololi za gurudumu wala si za shingoni, na utakaza shingo mpaka mwaka uishe bila kupona.

Ukishajua ni shingo, kuna zoezi moja ninalowapa wote wanaoogopa, na nadhani lina faida kuliko maelezo yote. Chagua jioni ambayo huendi popote. Chora alama ya chaki au rangi ya kucha kwenye nati na kikombe, ili ujue vilikuwa wapi. Legeza nati ya juu. Usukani hauhitaji kung'olewa. Kisha haribu kwa makusudi: kaza kikombe mpaka usukani uwe mgumu kweli, inua gurudumu la mbele, ugeuze usukani polepole. Utahisi chembechembe, kama gololi zinasaga mchanga. Ikumbuke hali hiyo. Halafu legeza kikombe robo mzunguko hivi, utikise uma, uhisi kugonga. Ikumbuke na hiyo. Baiskeli imesimama uani, hakuna wa kuumia, na chochote ulichokaza kinalegezeka. Mkono ukishajua pande mbili zilivyo, kati yake unaitafuta kama unavyotafuta stesheni kwenye redio ya kuzungusha.

Halafu sogeza kidogo kidogo. Nyuzi za bomba la uma kwenye baiskeli nyingi ni 24 kwa kila inchi, na nyingine za zamani zina 26. Maana yake mzunguko mmoja mzima wa kikombe ni kama milimita 1 tu. Sehemu ya nane ya mzunguko, upana wa kidole kimoja hivi kwenye ukingo wa kikombe, ni kama milimita 0.13. Na bado utaihisi! Wengi wanageuza nusu mzunguko kwa mara moja, ndiyo maana wanaruka kutoka kulegea hadi kubana bila kupita katikati. Zote mbili, nati na kikombe, zinakazwa kuelekea upande wa mishale ya saa.

Ukifikia pale ambapo kunacheza kidogo tu, kishike kikombe kwa spana moja kisizunguke kabisa, kisha ukaze nati ya juu kwa spana ya pili, kwa nguvu hasa. Baiskeli nyingi zenye bomba la inchi moja zinachukua spana ya 32, lakini za mizigo zina vipimo vyake, kwa hiyo spana malaya inafaa mradi meno yake yamebana nati bila nafasi. Kama kikombe chako ni cha mviringo chenye mikwaruzo ya kushikia, tumia koleo ukiwa umekizungushia kitambaa kinene.

Kisha pima mara mbili. Uma ukitikiswa usicheze, hata usukani ukiwa umegeuzwa pembeni. Gurudumu likiinuliwa na usukani ukisukumwa kwa kidole kimoja, uanguke wenyewe upande huo bila kukwama popote. Vikitimia vyote viwili umefika. Kukiwa na shaka usiuache mgumu. Baiskeli haianguki kwa sababu usukani unajirekebisha kidogo kidogo kila wakati. Ukibana, marekebisho hayo madogo yanazuiwa, ndiyo maana uliyumba. Na usiuache ukigonga pia, kwa maana kila pigo linachimba njia ya gololi, hasa ukiwa umepakia jerikeni au gunia.

Kuna hali moja ambayo kurekebisha hakuisaidii. Ukigeuza usukani polepole ukasikia unanasa pale katikati tu, kama una kijishimo cha kukaa, basi vikombe vimeshachimbika. Ukilegeza utagonga, ukikaza utanasa. Dawa ya kweli ni vikombe vipya. Kama havipatikani upesi na gololi zako zilikuwa kwenye kizimba cha bati, ile pete inayozishika pamoja, toa kizimba uweke gololi huru za kipimo kile kile. Jaza safu nzima kisha toa moja ili zipate nafasi ya kuzunguka. Idadi ikibadilika, gololi hazikai tena kwenye vishimo vya zamani kwa pamoja, na unapata muda wa kutafuta vikombe. Usichanganye mpya na kuukuu, na unapokwenda dukani nenda na moja mkononi. Unapofungua, tandika shuka chini, maana za chini zinamwagika zote kwa ghafla, na uhesabu za juu na za chini kando kando. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa kizimba, ujue upande gani ulitazama juu. Grisi iwe nzito. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi, na oili ya injini inateremka yote. Huku kwetu West Nile mimi ningefanya kazi hiyo vumbi la kiangazi linapoisha, kabla mvua haijashika.

Ya kijana ni tofauti. Baiskeli nyingi za gia zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1990 hazina nati ya juu. Zina kifuniko chenye skrubu moja katikati, na stemu, kile kipande kinachoushika usukani, inalibana bomba la uma kwa skrubu mbili za pembeni. Kosa karibu la kila mtu ni kukaza kifuniko wakati za pembeni zimefungwa. Hakuna kinachosogea, na anayeendelea kulazimisha anaing'oa nati ya nyota iliyo ndani ya bomba. Legeza za pembeni kwanza. Kisha kaza ya kifuniko kidogo kidogo, sehemu ya nane kwa mara moja, mpaka kucheza kuishe. Nyoosha usukani na gurudumu, kisha funga za pembeni kwa zamu. Hizo ndizo zinazoshikilia uma. Kifuniko kazi yake ya kukaza imekwisha hapo. Kama kifuniko hakikazi hata hivyo, kifungue utazame: bomba linatakiwa liwe chini ya ukingo wa stemu kwa kama milimita 3. Likilingana nao, ongeza pete moja. Ikiwa uma ni wa springi, hakikisha kidole kiko shingoni, kwa sababu springi nazo hucheza zikichakaa.

Kwenye yako, Mwalimu, nakuomba utazame jambo moja kabla ya yote: lile bati la taa. Likiwa limevunjika au limetolewa, nati ya juu inafika mwisho wa bomba kabla haijakigusa kikombe. Itaonekana imekaza kabisa huku kikombe kiko huru, na ungeweza kuirekebisha kila wiki isishike. Washa ya unene ule ule inatosha. Ukikuta nyuzi za bomba zimeliwa, uma umepinda, au shingo ya fremu ina ufa kwenye maungio, hapo acha spana chini na upeleke kwa fundi mwenye kifaa cha kuchomelea, na usiipande njiani, isukume.