Tovuti niliyoizoea imeniwekea programu nisizoziomba

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha steshenari ndogo mjini Masasi, ambako ninachapa barua, ninatoa nakala na kuwasaidia wanafunzi kujaza maombi ya vyuo na ya mikopo ya elimu ya juu. Mwezi uliopita nilipakua VLC, programu ya kuchezea video, kutoka katika tovuti ambayo mwalimu wangu wa kompyuta kule Mtwara alitufundisha kuitumia mwaka 2009, na ambayo sijawahi kuitilia shaka. Tangu siku hiyo kivinjari hufungua ukurasa wa kutafutia nisioujua, matangazo yanajitokeza hata ninapofungua tovuti ya serikali, na kuna programu inayonidai dola ili eti isafishe kompyuta. Je, tovuti ile imevamiwa? Nifute kila kitu nianze upya?
Mwenye steshenari, Masasi

JIBU: Ndugu msomaji, kwa jinsi ulivyoeleza sioni dalili ya uvamizi. Ninachokiona kinaudhi zaidi: wenye tovuti wenyewe, au walioinunua kutoka kwao, wameamua kukufungashia mzigo wa watu wengine pamoja na ule ulioufuata, kwa sababu kampuni inayotaka programu yake ienee humlipa msambazaji kwa kila kompyuta ambamo imewekwa. Jina la tovuti limebaki lile lile alilokufundisha mwalimu wako, lakini biashara iliyo nyuma yake si ile tena.

Yamewahi kutokea kwa tovuti kubwa. Download.com, iliyoanza mwaka 1996 na kuaminiwa kwa miaka mingi, mwaka 2011 ilianza kuzifunga programu za watu ndani ya kisakinishi chake yenyewe, na Desemba mwaka huo Gordon Lyon, mtunzi wa Nmap, programu ya kukagua mitandao ya kompyuta, alilalamika hadharani kwamba kazi yake inagawiwa pamoja na takataka ambazo hakuziridhia. SourceForge nayo, iliyokuwa nyumba ya programu huria tangu 1999, ilianzisha mpango wa namna hiyo mwaka 2013. Watayarishaji wa toleo la Windows la GIMP, programu ya kuhariri picha, wakahama, na mwaka 2015 tovuti ikaushika ukurasa wao wa zamani na kuendelea kuitoa GIMP ikiwa na nyongeza za matangazo. Mpango huo ulifutwa mwaka 2016, baada ya SourceForge kupata wamiliki wapya.

Yakumbuke madirisha uliyoyapitia siku ile. Kitufe cha kukubali huwa kikubwa na chenye rangi inayovuta jicho, ilhali maneno ya kukataa yameandikwa kwa kijivu hafifu, pembeni, kama kitu kilichokwisha kuzimwa. Na kisanduku cha kuruhusu ukurasa mpya wa kutafutia kimewekewa tiki kabla hujafika. Anayebonyeza "Next" mfululizo huku mteja amesimama mlangoni huhesabiwa kuwa ameridhia. (Sikulaumu, mimi mwenyewe nimewahi kunaswa hivyo hivyo.) Ukubwa wa faili nao ungekushtua: VLC halisi ya Windows ni takriban MB 40, kwa hiyo faili la MB moja au mbili linalojiita VLC ni mjumbe tu, anayekwenda kuleta mizigo mingine kwa bando lako.

Kinachonitia wasiwasi katika barua yako ni wale wanafunzi. Nyongeza, yaani kijiprogramu kinachopachikwa ndani ya kivinjari, inayoweza kubandika tangazo juu ya tovuti ya serikali kwa kawaida imepewa ruhusa ya kusoma na kubadili kila ukurasa unaofunguliwa, ikiwemo ile ambayo mwombaji anaandikia nywila na namba yake ya kitambulisho. Sisemi kwamba zimeibwa, maana nyingi za programu hizi hutafuta fedha za matangazo tu, lakini kompyuta ya kazi kama yako haipaswi kumhudumia mteja mwingine kabla haijasafishwa, na waliokwisha kuitumia tangu siku ile waambie wabadilishe nywila zao, kwa kutumia kifaa kingine.

Kufuta kila kitu hakuhitajiki kwa sasa. Fungua orodha ya programu katika mipangilio ya Windows, uipange kwa tarehe ya kusakinishwa, kisha uondoe zote zilizoingia siku ile usizozitambua, pamoja na hiyo VLC. Ingia katika kivinjari, uondoe nyongeza ngeni, halafu ukirudishe katika hali yake ya mwanzo; kurasa ulizozihifadhi zitabaki. Malizia na AdwCleaner, programu ya kusafisha ya kampuni ya Malwarebytes, ambayo ni ya bure na imetengenezwa kwa ajili ya uchafu wa aina hii, ukiichukua kwa Malwarebytes wenyewe. Matangazo yakirudi baada ya hayo yote, hapo ndipo uhifadhi nyaraka zako na kuisakinisha Windows upya.

VLC ipakue videolan.org, kwa watengenezaji wake. Kabla ya kulifungua faili, libonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uingie katika sifa zake na kutazama saini ya kidijitali: aliyetia saini anapaswa kuwa VideoLAN. Ukikuta jina jingine, lifute.

Na hao wanaokudai dola usiwalipe hata senti. Programu yao ni sehemu ya mzigo ule ule, nayo itaondoka utakapoziondoa nyingine za siku hiyo.