Maswali na Majibu: Majukwaa ya Kuinua Mafundi

Maswali ya safari hii yanahusu majukwaa yanayojiinua yenyewe: yale ya mkasi, ambayo hupanda wima, na yale ya mkono, ambayo hupeleka kikapu juu na mbele.

Tunabadilisha taa za ghala kwa jukwaa la mkasi. Msimamizi anataka tufunge mikanda, lakini mwenye mashine anasema uzio unatosha. Tumsikilize nani? (Fundi umeme, Morogoro)

Kwa jukwaa la mkasi, uzio ndio kinga ya kwanza, na kwa kawaida unatosha iwapo lango limefungwa na miguu yenu yote miwili iko sakafuni muda wote. Anayepanda juu ya uzio, au anayeweka ndoo au ngazi ndani ya jukwaa ili apate urefu zaidi, amekwisha kuiondoa kinga hiyo. Hata hivyo, kitabu cha mtengenezaji au kanuni za eneo la kazi zikiagiza mkanda, fungeni bila kubishana, na kamba ifungwe kwenye kishikizo kilichowekewa alama ndani ya jukwaa. Msiifunge kwenye boriti ya paa, kwa sababu jukwaa likishuka mtu atabaki akining'inia.

Kwa jukwaa la mkono hakuna mjadala: mkanda ni lazima. Gurudumu likitumbukia hata katika shimo dogo, mtikisiko huo hukua kadiri mkono ulivyorefuka, na ukifika kwenye kikapu unaweza kumrusha mtu nje. Kamba inayofaa hapo ni fupi, ya kumzuia asitoke kikapuni kabisa, na si ndefu ya kumdaka akiwa amekwisha kuanguka.

Tunafunga mabango ya matangazo karibu na ufukwe. Upepo ukiwa mkali kiasi gani tushuke? (Mombasa)

Someni kibao kilicho kwenye mashine kabla ya kuangalia mawingu. Majukwaa mengi madogo ya umeme yametengenezwa kwa kazi za ndani tu, na hayo hayapaswi kuinuliwa nje hata siku tulivu. Yale yanayoruhusiwa nje mara nyingi yana kikomo cha mita 12.5 kwa sekunde, yaani kilomita 45 kwa saa, na kipimo hicho huchukuliwa kule juu mnakofanyia kazi, ambako upepo huwa mkali kuliko pale chini. Zaidi ya hayo, bango mnalolipandisha ni tanga: linakamata upepo na kuisukuma mashine kwa nguvu ambayo mtengenezaji hakuihesabu. Wakati wa kusi, pangeni kazi ya mabango asubuhi mapema, kabla upepo wa bahari haujashika kasi.

Mashine ilizima tukiwa juu, tukakaa muda mrefu hadi mwenye mashine alipofika. Tungefanya nini? (Mpaka rangi, Dar es Salaam)

Swali hili nalipa uzito kuliko yote, kwa sababu katika kazi nyingi kila anayeijua mashine yuko juu, na aliyebaki chini ni kijana wa kupokea vifaa ambaye hajawahi kuonyeshwa chochote. Kabla jukwaa halijainuliwa kwa mara ya kwanza siku hiyo, lazima awepo mtu chini anayejua kulishusha, na awe amelishusha kweli kwa mikono yake huku ninyi mkimtazama.

Jambo la kwanza la kuangalia ni kitufe chekundu cha dharura, juu na chini, maana kikibonyezwa kwa bahati mbaya mashine yote hunyamaza. Kisha aliye chini ageuze ufunguo upande wa vidhibiti vya chini na ajaribu kushusha kutoka hapo. Ndiyo sababu ufunguo huo hauondoki kwenye mashine wala hauingii mfukoni mwa mtu aliye juu. Umeme ukiwa umekatika kabisa, majukwaa mengi ya mkasi yana mpini wa kuvuta kwenye sehemu ya chini, unaofungua vali ya silinda ili jukwaa lishuke polepole kwa uzito wake. Mengi ya mkono yana pampu ya akiba. Kabla ya kuvuta chochote, aliye chini atazame juu aone kama kuna aliyebanwa na boriti, na ahakikishe hakuna mtu wala kitu kati ya vyuma vya mkasi.

Kuna hali moja ambayo hapaswi kabisa kuigusa mashine: ikiwa imegusa waya wa umeme. Awazuie watu wote wasisogee, apige simu shirika la umeme, na walio kikapuni wasishuke, ila kama moto umewaka, mpaka ithibitishwe kwamba umeme umezimwa.

Betri zetu zilikuwa zinamaliza siku nzima, sasa zinaisha mchana. Tununue mpya? (Meneja wa ghala, Arusha)

Msinunue kabla ya kupima. Majukwaa mengi madogo hutumia betri nne za volti 6 zilizounganishwa kutoa volti 24, na moja iliyochoka huzidhoofisha zote. Fundi apime kila seli kwa haidromita, yaani kifaa cha kupima uzito wa asidi, na kama betri ni za zamani, zibadilishwe zote pamoja.

Mara nyingi chanzo ni mazoea ya kuchaji. Betri ya risasi na asidi ikiachwa bila chaji usiku kucha au mwisho wa wiki nzima, chumvi hugandia kwenye bamba zake na uwezo wake hupungua moja kwa moja. Ichajiwe kila baada ya kazi hadi ijae, mahali penye hewa ya kutosha na pasipo cheche, kwa kuwa hutoa gesi ya hidrojeni inayoweza kulipuka. Maji yaliyotoneshwa yaongezwe baada ya kuchaji. Kabla ya kuchaji ongezeni pale tu bamba zinapoonekana wazi, na kwa kiasi cha kuzifunika. Asidi isiongezwe.

Kuna oili inayovuja kidogo kwenye mpira wa silinda. Tuendelee hadi kazi iishe? (Tanga)

Hapana. Iwekeni pembeni mashine hiyo, ondoeni ufunguo na mbandike tangazo kwamba haitumiki. Msitafute tundu kwa kupapasa, kwa sababu oili yenye mgandamizo hupenya ngozi kupitia kitobo ambacho hamtakiona, na jeraha hilo huhitaji upasuaji wa haraka hata kama halina maumivu mwanzoni. Tumieni kipande cha boksi, mkiwa mmevaa miwani. Fundi naye asiingize mkono kati ya vyuma vya mkasi kabla ya kusimamisha nguzo ya usalama, ile inayozuia mkasi usishuke, jukwaa likiwa tupu. Kwa kuwa mko pwani, mwambieni aangalie pia pini na viungio, ambako chumvi ya bahari hula chuma chini ya rangi.